Nani Alibaki na Mtoto? Historia Fupi ya Ulezi wa Watoto Mitaani Kwetu



Katika sherehe kama hii ya kutimiza miaka kumi, kawaida huandikwa hesabu: hisa ngapi zimenunuliwa, mikopo mingapi imetoka, mingapi imerudi. Hesabu hizo zina kurasa zake humu humu kijitabuni. Mimi nimepewa ukurasa wa historia, na nimechagua jambo ambalo halimo katika daftari lolote la kikundi. Nalo ni hili: kila mama aliyechukua mkopo akenda kuuza ndizi mjini, kushona, au kuchuma viungo shambani, mtoto wake mdogo alibaki na nani?

Wengine watasema, ah, hilo nalo ni la kuandikwa? Alibaki na bibi yake, alibaki kwa jirani, basi. Lakini wahenga walishasema: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mkopo haufanyi biashara peke yake. Mkopo huchukuliwa na mama mwenye mikono miwili, na kama mkono mmoja umebeba mtoto, biashara hufanywa na mkono mmoja.

Kwa hiyo nitasimulia kwa ufupi ulezi huu ulikotoka, tangu enzi za mashamba ya karafuu mpaka leo. Msomaji ataona kitu kimoja kinajirudia kila zama: ulezi wa mtaani huanza kwa kuaminiana, na huvunjika kwa malipo.

ENZI ZA MASHAMBA

Kidichi yetu inajulikana duniani kwa hamamu za Kiajemi, zilizojengwa katika karne ya 19 enzi za Seyyid Said kwa ajili ya mkewe aliyetoka Uajemi. Wageni huletwa kuziangalia, kisha hupelekwa kwenye mashamba ya viungo wakaonja mdalasini na iliki. Huambiwa habari za mfalme na mkewe. Habari za wanawake waliofanya kazi katika majumba yale huwa hazina muda katika safari ya saa mbili.

Kule Mtoni, chini yetu ufukweni, ndiko alikozaliwa Seyyida Salme mwaka 1844, binti wa Seyyid Said, aliyekuja kuitwa Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, na ndani yake ameeleza namna watoto wa jumba walivyolelewa na yaya waliokuwa watumwa. Hayo ni miongoni mwa maandishi ya zamani kuhusu ulezi wa watoto katika upande wetu huu wa kisiwa. Tukiyasoma leo tunaona kwamba kazi ya kulea ilijulikana na ilitakiwa sana, ila aliyeifanya hakuwa na ujira.

Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Mashamba yakabaki, na kazi zikabaki. Msimu wa karafuu ukifika watu wa rika zote walitoka, na jioni nyumba nzima ilikaa kuchambua, karafuu huku na makonyo kule. Mtoto mchanga alilazwa juu ya mkeka kivulini, au aliachwa kwa bibi, au alifungwa kwa kanga mgongoni kwa dada yake wa miaka saba, minane. Huyo dada mdogo ndiye mlezi wa mwanzo wa mtaani. Hakuna aliyemuandika, na hakuna aliyemuuliza kama naye angependa kwenda kucheza.

Mtoto akitimiza miaka minne, mitano, alipelekwa chuoni. Chuo kwetu ni pahala pa kusomea Kurani, mara nyingi ukumbini au barazani kwa mwalimu, na walimu wengine ni wanawake. Pamoja na elimu ya dini, chuo kilimpa mama masaa machache ya kushika jembe au kusuka ukili, akijua kwamba mwanawe yuko mbele ya macho ya mtu mzima. Mwalimu alipata sadaka kidogo, na watoto walimchotea maji na kumuokotea kuni. Siku mtoto akikhitimu, wazee walileta zawadi. Ulikuwa utaratibu wa heshima, na uliwezekana kwa sababu mwalimu alikuwa na shamba lake, au mume, au watoto wakubwa wa kumtazama.

DADA AENDA SKULI

Skuli ya kwanza ya serikali kwa wasichana Zanzibar ilifunguliwa mwaka 1927, lakini waliofika huko walikuwa wachache, na watoto wa shamba walikuwa wachache zaidi. Mageuzi makubwa yalikuja baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Tarehe 23 Septemba mwaka huo huo, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo. Watoto wa kike wakaingia madarasani pamoja na kaka zao.

Neema hiyo hatuna budi kuishukuru, kwani wengi wetu tunaosoma kijitabu hiki tunakisoma kwa sababu yake. Lakini tuangalie pia kilichotokea nyumbani. Yule dada aliyekuwa akimbeba mdogo wake sasa yuko darasani tangu asubuhi, na ndipo anapostahiki kuwa. Nafasi yake pale nyumbani ikabaki wazi. Aliyeijaza ni bibi, na bibi naye huzeeka.

Miaka ya 1980 ikaja na yake. Bei ya karafuu ilishuka vibaya, kwa sababu Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ilikuwa imepanda mikarafuu yake yenyewe. Katikati ya muongo ule biashara ilifunguliwa, bidhaa zikajaa madukani, lakini fedha ya kununulia ikawa ya kutafuta. Akina mama wakatoka. Wenzetu wa Paje walianza kilimo cha mwani cha biashara mwaka 1989, kikaenea katika vijiji vya pwani, na wakulima wake wengi ni wanawake. Sisi wa huku mashambani tulitoka na ndizi, mihogo, viungo, vitumbua na maandazi. Mama wa nyumbani akawa mama wa njiani.

Wakati huo huo kulikuwa na tatizo la pili. Wale wasichana waliosomeshwa bure walimaliza skuli. Zamani aliyemaliza skuli alitazamia kazi ya serikali. Sasa serikali haikuweza tena kuwaajiri wote. Basi kila mtaa ukawa na vijana wa kike wawili, watatu, mashoga waliosoma pamoja, wamekaa barazani na vyeti vyao ndani ya mfuko wa plastiki. Upande mmoja watoto hawana walezi, upande wa pili walezi hawana kazi. Wanakaa mtaa mmoja, wanachota maji bomba moja.

Kuanzia hapo mambo huenda kwa njia moja karibu kila pahala. Mama mmoja anapita asubuhi, anasema, "Wanangu, nishikieni huyu mpaka adhuhuri." Kesho anakuja na wa pili. Wiki ijayo jirani anasikia. Mwezi haujesha, mashoga wale wana watoto kumi ukumbini, sufuria ya uji jikoni, na hakuna aliyekaa akasema: haya, tumeanzisha kitu.

BI SWAFIYA NA SKULI ZA MADRASA

Kitu hicho kilipata mpango wake mzuri kule Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walikuwa na wasiwasi kwamba watoto wao wanaachwa nyuma skuli. Waliomba msaada kwa Aga Khan, na Taasisi ya Aga Khan ikampa kazi hiyo mwalimu wa pale pale Mombasa, Bi Swafiya Said. Mwaka 1986 mradi wa skuli za maandalizi za madrasa ukaanza.

Werevu wa mpango ule ulikuwa katika kutumia kilichopo. Chumba kilikuwepo, nacho ni madrasa, ambayo asubuhi nyingi ilikaa tupu. Watu walikuwepo, nao ni vijana wa kike wa mtaa ule ule, waliosoma sekondari na kukaa nyumbani. Jamii iliunda kamati na kuchagua walimu kutoka miongoni mwa mabinti zake. Mradi ukawafundisha namna ya kumfunza mtoto kwa vitendo na michezo, pamoja na dini na mila zetu. Vifaa havikuagizwa Ulaya: vifuu vya nazi, makombe ya pwani, vizibo vya chupa, mbegu na vitambaa. Mtoto akahesabu kwa makombe, na akahesabu vizuri.

Mpango huo uliingia Zanzibar mwaka 1990, ukafika Uganda mwaka 1993, na skuli zake katika nchi hizo tatu zikafika zaidi ya 200. Na msidhani yalikuwa maneno matupu. Utafiti wa Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg, uliochapishwa mwaka 2008, ulilinganisha watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar. Waliopita skuli za maandalizi walikuwa mbele ya waliobaki nyumbani katika kukua kwa akili na fahamu, na wale wa skuli za madrasa walipiga hatua zaidi. Wasichana waliosemwa "wamekaa tu nyumbani" walikuwa wamefanya kazi ambayo maprofesa walikuja kuipima.

Lakini tatizo letu la zamani lilikuwa pale pale. Mshahara wa mwalimu ulitegemea ada za wazee, na ada za wazee zilitegemea samaki, mvua na msimu. Mzee mwenye watoto watatu hulipa wa mmoja. Mwalimu aliyepata ujuzi na kulipwa kidogo huondoka akipata pengine pazuri. Mradi wenyewe ulilijua hilo, ndiyo maana skuli iliyokamilisha masharti iliwekewa akiba ya kudumu: jamii ichange sehemu, mradi uongeze, na faida yake isaidie kuendesha skuli. Maana yake ni kwamba hata wataalamu, baada ya kufikiri sana, walirudi kwenye jambo tunalolifanya sisi kila tunapokutana, yaani akiba.

REDIO CHINI YA MWEMBE

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliingiza miaka miwili ya maandalizi ndani ya elimu ya msingi. Sera ilikuwa nzuri, lakini madarasa hayakuota usiku mmoja. Kati ya mwaka 2006 na 2011 ulikuwepo mradi wa RISE, ulioendeshwa na Wizara ya Elimu pamoja na shirika la EDC kwa fedha za Marekani, na ndani yake kikazaliwa kipindi cha redio cha Tucheze Tujifunze, kwa mkato TUTU.

Kituo cha TUTU hakikuhitaji jengo. Kilihitaji kivuli, redio, na mtu wa mtaani wa kuwaongoza watoto. Sauti redioni ikaimba, ikauliza, ikanyamaza kidogo ili watoto wajibu, na mlezi akawaongoza kuruka, kuhesabu, kutaja rangi. Baraza, ukumbi na chini ya mwembe pakageuka darasa. Kwa mara nyingine tena walioitikia ni watu wale wale, wanawake na vijana wa pale pale kijijini. Na kwa mara nyingine tena suala likabaki lile lile: kipindi kikimalizika redioni, mlezi atakula nini?

WENZETU WALIFANYAJE

Tusidhani tatizo hili ni la visiwani tu. Nairobi, katika mitaa kama Mukuru na Kibera, akina mama wengi hulea watoto wa majirani chumbani mwao, na mzazi hulipa kwa siku kabla ya kwenda kufua nguo au kuuza mboga. Siku asipopata kibarua, halipi, na pengine mtoto haji. Katika muongo wa 2010 ilianza huko asasi inayoitwa Kidogo, ambayo huwafundisha walezi kama hao usafi, michezo na hesabu za biashara. Iliwakuta tayari wanalea, ikawaongezea nguvu.

Mfano unaotugusa zaidi uko India. Mwaka 1972 katika mji wa Ahmedabad, Bi Ela Bhatt aliwaunganisha wanawake wanaojiajiri, wachuuzi na wabeba mizigo, katika umoja uitwao SEWA. Mwaka 1974 wakaanzisha benki yao: wanawake 4,000, kila mmoja akatoa rupia 10. Baada ya muda wakaona kwamba mwanachama anakopa lakini biashara haiendi, kwa sababu mtoto hana pa kukaa. Wakafungua vituo vya kulea watoto, na walezi wakaunda ushirika wao wenyewe, Sangini. Pale mlezi si mtu anayesaidiwa wala anayesaidia kwa huruma. Ni mwanachama mwenye kazi, mwenye daftari na mwenye sauti mkutanoni.

Na sisi tuna mizizi yetu. Upatu tuliukuta kwa mama zetu. Mtindo wa sanduku lenye kufuli tatu ulianzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, ukaja Zanzibar na kuenea kupitia jumuiya ya JOSACA iliyozaliwa upande wa Jozani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba vikundi vya Zanzibar viliendelea na kuongezeka hata baada ya mradi kuondoka. Yaani wafadhili waliondoka, na wanawake wakabaki na funguo zao.

HESABU YA MLEZI

Sasa tufanye hesabu, maana hiki ni kikundi cha hesabu. Tuseme mashoga wawili wanalea watoto 12. Kila mzazi anakubali kutoa shilingi 1,000 kwa siku, siku 22 kwa mwezi. Zikiingia zote, ni shilingi 264,000. Toa unga wa uji, sukari, sabuni na mkaa, tuseme 84,000. Inabaki 180,000, kila mmoja 90,000. Si nyingi, lakini ni kitu.

Tuseme sasa nusu ya wazazi wanasema, "Nitakupa Ijumaa." Zinaingia 132,000. Uji haupungui, kwani watoto ni wale wale, na 84,000 inatoka kama kawaida. Inabaki 48,000, kila mmoja 24,000 kwa mwezi mzima wa kufuta makamasi na kubembeleza. Wazazi wamechelewesha nusu ya malipo, lakini walezi wamekosa karibu robo tatu ya kipato chao. Ndiyo maana ulezi wa mtaani hufa ghafla. Mtu wa nje husema, "Wasichana wa siku hizi hawana subira." Wallahi, hebu naye ajaribu kuishi kwa hesabu hiyo. Mkono mtupu haulambwi.

Na mzazi asiyelipa mara nyingi si mbaya wala si mwizi. Pesa yake iko kwenye tenga la ndizi lililokuwa bado halijauzwa. Anayo kesho, hana leo. Sasa mtu mwenye pesa kesho lakini hana leo, sisi kikundini tunamwitaje? Tunamwita mkopaji. Na tunajua namna ya kukaa naye.

SANDUKU LETU LINAWEZA NINI

Hapa ndipo historia inapotufikisha. Zama zote nilizozitaja zilikuwa na walezi wenye moyo, na watoto wa kulelewa hawajawahi kukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama kati ya siku ya kazi na siku ya malipo. Sisi tunaweza kusimama hapo.

Ninapendekeza mkutano mkuu ulizungumze jambo hili: sehemu ya mfuko wa jamii itengwe kwa ajili ya ulezi. Mwisho wa mwezi mlezi alipwe na kikundi, fedha taslimu, mbele ya wanachama. Mzazi ambaye ni mwanachama aandikwe deni katika daftari, bila ya nyongeza yoyote, na alipe siku ya hisa kama anavyolipa madeni mengine. Dini yetu imetufunza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, na jasho la mlezi halina tofauti na jasho la mchukuzi bandarini.

Pili, walezi nao waingizwe kikundini wanunue hisa. Msichana anayelea watoto wetu huku akiweka akiba yake hatoondoka kwa hasira, na akiondoka, ataondoka na mtaji.

Tatu, mambo yafanywe wazi. Sheha aarifiwe, na ushauri wa walimu wa maandalizi utafutwe. Maji ya kunywa yachemshwe, kisima kifunikwe, na walezi wasiachiwe watoto wengi kuliko macho yao. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamlinda mtoto popote alipo, hata akiwa juu ya mkeka wa jirani.

Wapo watakaosema kwamba mfuko wa jamii ni wa maradhi na misiba, tusiuguse. Hoja yao ina uzito, na ndiyo maana nasema sehemu, tena ndogo, tena kwa majaribio ya mzunguko mmoja. Tukiona deni hairudi, tuache. Lakini tusiache kabla ya kujaribu, maana haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki tumekuwa tukikijaza miaka kumi huku mmoja wetu akiwa amekaa nje ya mlango, ameshika watoto wetu, hana hata hisa moja.

Mwenyezi Mungu atujaalie kheri katika miaka kumi ijayo, awakuze watoto wetu, na awape tahafifu wote wanaotulelea.